Mtoto Anayelala Mdomo Wazi: Cha Kufanya Kabla Mataya Hayajakomaa

Mtoto wa miaka 11 anapelekwa kwa daktari wa meno. Meno ya mbele yametokeza, ya nyuma hayakutani sawasawa, na wazazi wana swali moja tu: atafungwa waya lini? Mtazame mtoto mwenyewe wakati wakubwa wanazungumza. Mdomo uko wazi. Uko wazi akisikiliza, uko wazi akitazama katuni, na mama akiulizwa habari za usiku atasema huo ndio ulalaji wake tangu mdogo, tena anakoroma kama babake. Hapo watu hucheka.

Mwongozo huu unarudi nyuma miaka mitano hadi minane kabla ya siku hiyo, wakati mtoto ana miaka 3, 4 au 6 na mifupa ya uso bado inatafuta umbo. Ninachokisisitiza toka mwanzo ni mpangilio wa kazi: pua ifunguliwe kwanza, meno yafuate. Ukianza na meno huku pua imeziba, kuna hatari ya kunyoosha leo kitu kitakachosukumwa tena kesho na nguvu ileile iliyokipinda.

Kwanza kabisa: dalili zisizosubiri hatua yoyote

Usiendelee kusoma, nenda hospitali, iwapo mtoto akiwa macho anavuta pumzi kwa shida hadi ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani; midomo inageuka ya bluu au kijivu; ana homa, anadondosha mate na hawezi kumeza; au usingizini anaacha kupumua na rangi yake inabadilika. Kichanga anayebadilika rangi akinyonya kisha akarudi sawa akilia ni wa haraka pia, kwa sababu mtoto mchanga hutegemea pua kupumua, na wapo wanaozaliwa njia ya nyuma ya pua ikiwa haijafunguka. Kulia ndiko kunakompa hewa kwa mdomo.

Vilevile pua ya upande mmoja inayotoa uchafu wenye harufu mbaya au damu: mara nyingi mtoto ameingiza kitu humo. Kama kuna uwezekano kwamba ni betri ndogo ya duara, zile za saa na vichezeo, hesabu saa, si siku. Betri hiyo huunguza nyama ya ndani haraka.

Hatua ya 1: Elewa ulimi unafanya kazi gani

Funga midomo yako sasa hivi na umeze mate. Utaona ulimi umepanda na kugusa kaakaa. Kwa mtoto anayepumua kwa pua, hapo ndipo ulimi hukaa sehemu kubwa ya siku na usiku. Kutoka nje mashavu yanasukuma meno ya juu kuelekea ndani. Kutoka ndani ulimi unayazuia. Taya la juu hukua likiwa katikati ya nguvu hizo mbili, na kwa sababu kaakaa limeundwa na vipande viwili vya mfupa vilivyokutana katikati bila kuungana kabisa utotoni, lina nafasi ya kupanuka.

Pua ikiziba, mdomo lazima ufunguke. Mdomo ukifunguka, ulimi unashuka chini ili hewa ipite juu yake. Mashavu sasa yanasukuma bila kizuizi. Kaakaa huwa jembamba na lenye kina kama paa la hema, meno ya juu hukosa nafasi na kuanza kupandana, na meno ya nyuma ya juu huingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Taya la chini nalo, kwa kuwa linaning'inia, huelekea kukua kwenda chini na nyuma kuliko kwenda mbele. Uso unarefuka, kidevu kinarudi nyuma, midomo haifiki. Kisha mduara unajifunga: sakafu ya pua ndiyo hiyohiyo dari ya kinywa, kwa hiyo kaakaa likiwa jembamba na pua nayo inabana.

Jambo hili si geni. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza vinyama vinavyoota nyuma ya pua na kuharibu upumuaji, usemi na usikivu. Mwaka 1970 Sten Linder-Aronson wa Uswidi alipima watoto wenye vinyama hivyo na kuona uso mrefu zaidi na taya la juu jembamba zaidi kuliko wenzao. Vilipoondolewa, sehemu ya tofauti hiyo ilipungua katika miaka iliyofuata. Naye Egil Harvold alichapisha mwaka 1981 majaribio ya kuziba pua za kima kwa vizibo vya silikoni. Kima wote walijifunza kupumua kwa mdomo, mataya na meno yakabadilika, lakini hayakubadilika kwa namna moja, kwa sababu kila mnyama alibuni njia yake ya kushika ulimi na taya.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Kuziba kwa pua ni sababu mojawapo. Urithi una sehemu yake kubwa: kuna familia zenye nyuso ndefu na pua zao hazina kasoro, na kuna watoto wenye pua iliyoziba miaka mingi ambao nyuso zao hazikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Yeyote anayekuambia kwamba kila uso mrefu ni ugonjwa wa pumzi, pengine ana kifaa cha kukuuzia.

Hatua ya 2: Usiku tatu na simu

Hakuna kipimo cha bei nafuu kinachoishinda video ya mtoto aliyelala. Ila irekodiwe vizuri.

Chagua usiku ambao mtoto hana mafua. Kila mtoto mwenye mafua hukoroma, na video ya siku hiyo haimsaidii daktari. Vua shati au mlaze na nguo nyepesi, weka taa hafifu, na simu ikae mahali inapoona kuanzia uso hadi tumbo. Rekodi dakika 5 hadi 10. Wazazi wengi hurekodi saa moja baada ya mtoto kulala, kisha hawaoni kitu na kutulia. Kwa watoto, kukatika kwa pumzi hutokea zaidi kwenye usingizi wa ndoto, na usingizi huo huwa mwingi kuelekea alfajiri. Tega saa ya kengele uamke saa 10 usiku. Ndiyo, inachosha, ni usiku tatu tu.

Unatazama nini? Koromo lenyewe: je, lipo usiku tatu au zaidi kwa wiki, hata bila mafua? Hilo ndilo huitwa kukoroma kwa mazoea, nalo peke yake linatosha kumpeleka mtoto akapimwe. Halafu sikiliza ukimya. Koromo likikatika ghafla huku kifua na tumbo vikiendelea kuhangaika, kisha likarudi kwa mkoromo mkubwa au mshtuko, mtoto alikuwa amezibwa. Kwa mtu mzima hatua hiyo huhesabiwa kwa sekunde 10. Kwa mtoto, kukosa pumzi mbili mfululizo kunahesabika. Kwa mtoto aliyevuka miaka 3, angalia pia kama kifua kinaingia ndani wakati tumbo linapanda. Kwa vichanga mwendo huo huweza kuwa wa kawaida.

Andika kandoni: anajipindua mara nyingi? Analala kichwa kimerudi nyuma sana, shingo imenyooka kama anayetazama dari? Hiyo ni mbinu ya mwili kujifungulia njia. Jasho kichwani hata chumba kikiwa na ubaridi? Mto umelowa mate? Alikuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akarudia? Usimchape wala kumwaibisha kwa hilo. Pumzi zinazokatika usiku zinaweza kumrudishia mtoto ukojozi, na kwa baadhi yao huisha pumzi zikitengemaa.

Hatua ya 3: Mchana, mwangalie bila kumwambia

Mtoto akijua anaangaliwa atafunga mdomo. Basi mwibie. Akiwa anatazama kitu au anachora, hesabu dakika: midomo imegusana kwa muda gani? Inapogusana, kidevu kinakunjamana vijitundu kama ganda la chungwa? Hiyo maana yake misuli inalazimishwa kufunga mdomo ambao hautaki kufunga.

Kisha kijiko cha chuma. Kiweke chini ya pua mtoto akiwa amefunga mdomo; ukungu uonekane pande mbili. Ziba tundu moja taratibu, apumue kwa lingine, halafu badilisha. Mtoto mwenye mafua ya jana asipimwe leo.

Mwombe acheke, uone kama meno ya juu ya nyuma yanayafunika ya chini kwa nje kila upande. Mwambie aume kawaida: akisogeza taya pembeni ili meno yakutane, hilo ni la daktari wa meno bila kungoja meno ya kudumu. Arudishe kichwa nyuma na kufungua kinywa, mulika kaakaa. Kaakaa la kawaida ni pana kama bakuli. Jembamba lenye kina utalitambua hata kama hujawahi kuona mengi, hasa ukilinganisha na la ndugu yake. Fizi za mbele juu zikiwa nyekundu na zimevimba wakati zilizobaki ni safi, zinakaushwa na hewa.

Huko nyuma ya koo kuna tezi mbili, tonsili. Zikikaribia kugusana, mweleze daktari. Lakini ukubwa wake hausemi yote: wapo wenye tonsili kubwa wanaolala kimya, na wenye za wastani wanaokabwa kila usiku.

Usisahau tabia za mchana. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia. Mtoto asiyelala vizuri mara nyingi hukimbia huku na huku, hana utulivu darasani, hasira ziko juu juu. Baadhi yao huambiwa wana tatizo la umakini kabla ya yeyote kuuliza wanalalaje.

Hatua ya 4: Jua kilichoziba, kwa sababu "nyama za pua" ni majina ya vitu vitatu

Hapa pana mkanganyiko mkubwa na umewapotezea watu muda na fedha. Mzazi anamulika tochi kwenye tundu la pua, anaona kinyama chekundu kimejaa, anasema mtoto ana nyama za pua. Alichokiona karibu kila mara ni nyama ya kawaida ya ukuta wa pua, ambayo kila binadamu anayo. Kazi yake ni kupasha hewa joto na kuilowesha. Huvimba kwa mzio na mafua, na ikivimba huziba kweli, lakini hutulizwa kwa dawa.

Cha pili ni adenoidi. Hii haionekani kwa tochi, iwe kupitia puani au kinywani, kwa kuwa iko nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini. Ni tezi ya kinga. Hukua baada ya kuzaliwa, huwa kubwa kuliko nafasi yake hasa kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa mtoto anapoelekea balehe. Ndiyo maana mtu atakuambia "ataacha tu akikua", na mara nyingine huwa kweli. Ubaya ni kwamba miaka ileile ambayo adenoidi imetawala ndiyo miaka ambayo upana wa taya la juu unajengwa. Uso hukamilisha upana wake kwanza, halafu urefu wa kwenda mbele, na mwisho urefu wa juu kwenda chini. Tezi ikisinyaa kwa mtoto wa miaka 11, upana wa taya haukumsubiri.

Cha tatu ni polipu, vivimbe laini vyeupe-kijivu kama zabibu iliyomenywa. Kwa watoto ni nadra, na vikionekana daktari anapaswa kutafuta ugonjwa uliovileta.

Namna ya kukisia nyumbani, kabla ya daktari kuthibitisha: mzio huja na kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha, kamasi nyepesi, na mtoto kusugua pua kwa kiganja kwenda juu mpaka mstari unajichora katikati ya mgongo wa pua. Adenoidi huja na sauti ya kupitia pua iliyobanwa, ile ambayo "mama" inatoka kama "baba", kamasi zisizokwisha, na masikio yanayojaa maji. Mtoto anaongeza sauti ya televisheni na watu wanadhani ni ukaidi. Tonsili huja na koromo zito na kula polepole, hasa chakula kigumu. Mara nyingi ni mchanganyiko.

Hatua ya 5: Fungua kinachofunguka nyumbani

Ipe hatua hii wiki 4 hadi 6, isipokuwa video imeonyesha pumzi kukatika. Hapo nenda moja kwa moja hatua ya 6 na haya yafanye huku unasubiri miadi.

Maji ya chumvi. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa, koroga iyeyuke. Usitumie maji mabichi ya bomba kuosha pua hata kama unayanywa: kuna kijidudu cha majini ambacho tumboni hakina madhara lakini puani kinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Mtoto mdogo mdondoshee matone machache kila tundu. Aliyekwisha kuweza kufuata maelekezo ainame mbele juu ya beseni, mdomo wazi, aseme "aaa" huku ukisukuma maji taratibu kwa chupa laini au sirinji isiyo na sindano. Yatatoka tundu la pili au lilelile. Usisukume kwa nguvu. Baadaye apenge, tundu moja moja. Mara ya kwanza atalia, ya tatu atazoea, ya kumi atataka kujifanyia mwenyewe.

Chumba. Moshi kwanza: wa sigara, wa kupikia, wa ubani, wa dawa ya mbu ya kuwasha. Pua iliyovimba haiponi ndani ya moshi, na mvutaji kutoka nje hakumalizi kitu kwa sababu nguo zake zinarudi nao. Kisha vijidudu vya vumbi, ambavyo hukaa kwenye magodoro, mito na midoli ya manyoya. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Ukungu ukutani uondolewe pamoja na chanzo cha unyevu, si kupakwa rangi juu.

Dawa ya kupuliza ya steroidi itolewe kwa ushauri wa daktari, na ikitolewa ipulizwe sawasawa. Kichwa kiiname kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati. Asivute kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Ihukumu baada ya wiki kadhaa. Wazazi wengi huiacha siku ya nne na kusema imeshindwa.

Matone ya kufungua pua papo hapo ni dawa nyingine kabisa. Yakitumika zaidi ya siku chache pua huziba upya, vibaya kuliko mwanzo, na kwa watoto wadogo yana hatari zake. Yasiwe ya kila siku.

Hatua ya 6: Kwa daktari wa masikio, pua na koo

Nenda na video iliyokatwa, dakika 2 zenye tukio lenyewe, pamoja na karatasi ya ulichoandika. Sema tatizo lilianza lini, umejaribu nini na kwa muda gani. Sema kama mtoto ana selimundu, pumu, uzito mkubwa, mdomo sungura uliorekebishwa, au Down syndrome. Kwa watoto wa Down syndrome, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri kipimo cha usingizi kabla ya kutimiza miaka 4 hata kama wazazi hawaoni dalili, kwa sababu tatizo ni la kawaida mno kwao.

Daktari anaweza kupitisha kamera nyembamba puani au kupiga eksirei ya pembeni aone adenoidi. Kipimo kamili ni cha kulala maabara usiku mzima, mtoto amebandikwa nyaya. Pumzi zinazokatika au kupungua huhesabiwa kwa saa: kwa mtoto, 1 kwa saa ndiyo mpaka wa kawaida, zaidi ya 10 ni kali. Pasipo na maabara, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni usiku kucha husaidia kutambua walio hatarini. Kikitoa majibu mazuri, hata hivyo, hakimsafishi mtoto, kwani anaweza kuhangaika usiku kucha bila oksijeni kushuka.

Upasuaji wa kuondoa adenoidi na tonsili ndiyo tiba ya kwanza kwa mtoto mwenye pumzi zinazokatika na tezi kubwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani lilihusu watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, likiwaacha nje wale ambao oksijeni yao ilishuka sana. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na asilimia 46 ya waliosubiri chini ya uangalizi. Tabia, usingizi na maisha ya kila siku viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa. Soma namba zote mbili. Mtoto mwenye tatizo dogo anaweza kusubiri kwa haki, mradi kusubiri kuwe na tarehe ya kurudi. Na kupasuliwa hakumalizi kila kitu kwa kila mtoto, hasa mwenye uzito mkubwa.

Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili. La kwanza, je, daktari ametazama kimeo na kaakaa laini? Kimeo chenye ncha mbili kinaweza kuashiria kaakaa lenye mpasuko uliojificha chini ya ngozi, na kuondoa adenoidi kwa mtoto wa namna hiyo kunaweza kumwacha sauti na maji vikivujia puani. La pili, nani wa kupigiwa simu usiku? Damu ikitoka, mara nyingi hutoka siku ya 5 hadi ya 10, familia ikiwa imekwisha kusahau. Damu mbichi mdomoni, nenda hospitali, hata kama imeacha. Maumivu yatulizwe kwa dawa aliyoandika daktari. Kodeini hairuhusiwi kwa mtoto aliyetoka kwenye upasuaji huu, wala asipewe aspirini.

Hatua ya 7: Sasa kaakaa na meno

Hapa ndipo udongo unawahiwa ungali maji. Daktari wa kupanga meno amwone mtoto akifika miaka 7 hivi, au mapema kama taya linakwenda pembeni akiuma. Kumwona siyo kumfunga waya. Wengi watarudishwa nyumbani na tarehe ya mwaka ujao.

Kaakaa likiwa jembamba kweli na meno ya nyuma yamepishana, kuna kifaa cha kupanua kinachobandikwa kwenye meno ya juu, katikati kina skrubu ndogo. Mzazi huizungusha kwa ufunguo kadiri alivyoelekezwa. Kila mzunguko wa kawaida husogeza takriban robo milimita. Kinachofunguka ni ule mshono wa katikati ya kaakaa, na kwa hiyo sakafu ya pua nayo hupanuka kidogo. Siku chache baadaye utaona mwanya kati ya meno mawili ya mbele, na kama hukuambiwa utaingiwa na hofu. Ni dalili kwamba mfupa umefunguka. Mwanya hujifunga wenyewe kadiri wiki zinavyopita, lakini kifaa hubaki mdomoni miezi kadhaa bila kuzungushwa ili mfupa mpya ujaze pengo. Ukiona kinalegea, usikitoe mwenyewe.

Kazi hii ni nyepesi kabla ya balehe. Mshono ukikomaa, mtu mzima huweza kuhitaji upasuaji kupata kile ambacho mtoto wa miaka 8 angekipata kwa ufunguo. Hata hivyo kifaa hiki kiwekwe kwa sababu kaakaa ni jembamba. Mtoto mwenye kaakaa pana na koromo hahitaji kupanuliwa. Anahitaji koo lake litazamwe.

Hatua ya 8: Kuondoa mazoea ya mdomo wazi

Pua imefunguliwa, na mtoto bado anakaa mdomo wazi. Si ajabu: miaka minne ya mazoea haiondoki na tezi. Mpe mwezi mmoja au miwili, kisha anza kumkumbusha kwa ishara mliyokubaliana, kugusa kidevu chako kwa mfano, bila kumpigia kelele mbele za watu. Mazoezi ya ulimi na midomo yakisimamiwa na mtaalamu husaidia baadhi ya watoto, hasa yakiunganishwa na tiba nyingine. Hayafungui pua iliyoziba.

Kunyonya kidole au nyonyo ya bandia baada ya miaka 3 au 4 huvuta meno ya mbele yaache uwazi na kubana kaakaa, kwa njia inayofanana sana na ya pumzi. Ukiona uwazi wa mbele, uliza kuhusu kidole kabla ya kulaumu pua. Kwa vichanga, kunyonyesha kunaendana na nafuu kidogo kwenye kupishana kwa meno ya nyuma, ingawa si kinga kamili, na aliyelelewa kwa chupa hajaharibiwa.

Halafu gundi za kubandika midomo usiku, zinazosifiwa mitandaoni. Kwa mtoto, hapana. Mdomo wazi ndio mlango wa dharura wa mtu ambaye pua imemfungia. Huwezi kuufunga kabla ya kujua kama pua inapitisha hewa, na mtoto anayetapika usingizini akiwa amebandikwa ni hatari isiyo na sababu. Vifaa vya plastiki vinavyouzwa bila kumwona daktari, vya kutafuna ili "uso ukae vizuri", viache dukani. Na usikubali utepe wa chini ya ulimi ukatwe kwa ahadi kwamba koromo litaisha; wapo watoto wanaouhitaji ukatwe kwa sababu ya kunyonya au kutamka, hilo ni jambo tofauti.

Hatua ya 9: Ratiba ya kurudi kuangalia

Piga picha mbili kila miezi 6, moja ya mbele na moja ya pembeni, mtoto akisimama mahali palepale karibu na ukuta uleule, midomo imetulia, bila kuambiwa afunge. Usimwonyeshe kwa namna ya kumfanya auone uso wake una kasoro. Wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji rekodi tena alfajiri, kama mwanzo. Rudia baada ya mwaka mmoja, na tena anapoingia balehe: koromo hurudi kwa baadhi yao, aidha kwa sababu adenoidi imeota upya, au mzio haukutibiwa, au uzito umeongezeka. Likirudi, anzia kwenye simu na saa 10 usiku.